Wifi Yangu Hakuwa Mvivu

Habari hii naiandika kwa ruhusa ya mwenyewe, naye ameisoma yote kabla haijamfikia mhariri. Ameomba jambo moja tu: nisitaje jina lake. Sehemu yangu mimi si ya kupendeza, lakini amesema niiache kama ilivyo.

Juni 2014 tulikusanyika nyumbani kwa mama, Njombe, kwa ajili ya harusi ya mdogo wetu. Aliyewahi kulala Njombe mwezi wa sita anaijua baridi yake: ukungu hauondoki hadi saa nne, na maji ya bombani yanauma kama siafu. Alfajiri wanawake tuliketi kuzunguka beseni la viazi. Mke wa kaka yangu akaja, akatumbukiza mikono majini, akaitoa upesi, akainuka. Baadaye nilimkuta jikoni ameikumbatia mikono kwapani, karibu kabisa na moto.

"Wifi," akaniambia, "vidole vyangu vinakufa."

Nilicheka. Nikatoka nje na kumwambia mama, kwa sauti niliyotaka isikike hadi jikoni, kwamba kaka ameoa mtoto wa mjini, sasa kazi atafanya nani? Siku ile nzima wanawake wa ukoo walikuwa wakimwita "Bibi Harusi wa Pili", kwa kuwa na yeye hakushika maji. Alicheka pamoja nasi. Sikujua kwamba usiku alimwonyesha mumewe vidole vyake, kucha zikiwa nyeupe kama chokaa, kisha za buluu, na vilipopata joto vikawaka kwa maumivu hadi akalia.

MIAKA MIWILI YA KUZUNGUKA

Baada ya vidole vikaja vingine. Mikono ilivimba kila asubuhi. Pete ya ndoa ikagoma kutoka, ikabidi sonara aikate. Mzee mmoja wa kanisani aliona kidole kitupu akaanza kuuliza maswali. Uvimbe ulipopungua, ngozi haikurudi kuwa kama zamani. Ilibana. Vidole vikaanza kujikunja kidogo kidogo, akashindwa kukamua nguo, kufunga vifungo vya sare ya mtoto, na kumsuka binti yake aliyekuwa na miaka sita. Mtoto akaanza kupelekwa kwa jirani kusukwa. Hilo, aliniambia baadaye, lilimuuma kuliko pete.

Zahanati ya kwanza walisema baridi yabisi, wakampa dawa za maumivu. Hospitali ya pili walitazama vidole vilivyojikunja, vyenye vidonda kwenye ncha, wakataja ukoma. Lakini ukoma huleta ganzi, naye alikuwa akisikia kila kitu, hata upepo. Akaanza kukohoa kikohozi kikavu na kupungua uzito. Kwa mtu anayekonda na kukohoa, mnajua wenyewe watu wanavyofikiri. Alipimwa kifua kikuu mara tatu na virusi vya UKIMWI mara mbili. Vipimo vyote vilikuwa safi, lakini macho ya watu hayakubadilika.

Kisha ngozi ya shingoni, kifuani na kwenye paji la uso ikaanza kupoteza rangi kwa madoa madogo madogo, kila kitundu cha nywele kikibaki na alama nyeusi, mithili ya chumvi iliyochanganywa na pilipili manga. Katika umoja wa wanawake wakanong'ona kwamba huo ni mkorogo umemharibu. Mwanamke ambaye hakuwahi kupaka chochote zaidi ya mafuta ya mgando! Na ndugu upande wetu, nakiri tena, tulijadili kama amerogwa. Alipelekwa kwa mganga akachanjwa mikononi. Majeraha yale yalichukua miezi kupona, kwa sababu damu haifiki vizuri katika ngozi ya namna hiyo. Mtu mwingine, aliyejiita mhubiri, alimwambia atupe dawa zake zote kama kweli ana imani. Mchungaji wetu aliposikia alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona, akawaambia wazi kwamba kumeza kidonge si dhambi.

Agosti 2016 ndipo daktari wa ngozi alipomshika mikono yote miwili, akajaribu kuifinya ngozi ya vidole na kushindwa kuiinua. Akadondosha tone la mafuta juu ya nyama inayopakana na ukucha, akatazama kwa kioo cha kukuzia. Pale mishipa midogo ya damu huonekana kama vijinywele. Yake mingine ilikuwa imetanuka na mingine haipo kabisa. Akachukua damu kutafuta askari wa mwili wanaoshambulia chembe za mwili wenyewe. Majibu yalipokuja ugonjwa ukapata jina: skleroderma.

JINA LA KIGENI, UGONJWA WA ZAMANI

Neno hilo limetokana na Kigiriki, maana yake ngozi ngumu. Mwaka 1753 daktari wa Naples, Carlo Curzio, aliandika habari za msichana wa miaka 17 ambaye ngozi yake ilikuwa imekakamaa mwilini. Kuhusu vidole vinavyobadilika rangi kwa baridi, Mfaransa Maurice Raynaud alivieleza mwaka 1862, na hadi leo hali hiyo inaitwa kwa jina lake.

Kwa ufupi, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hukosea na kuushambulia mwili wenyewe. Mishipa midogo ya damu huumia. Kisha mwili hutengeneza kolajeni kupita kiasi, ile nyuzi ambayo kwa kawaida huziba kidonda na kuacha kovu. Ni kana kwamba mwili unajitia makovu mahali ambapo hapakuwa na jeraha. Aina moja hukaa kwenye ngozi tu, mara nyingi kama bakapaka moja au mawili. Aina nyingine huingia mwilini: umio, mapafu, moyo, figo. Yake ni hii ya pili.

Kwa nini unaanza? Hakuna sababu moja. Wanawake huupata karibu mara nne zaidi ya wanaume, wengi kati ya miaka 30 na 50, umri ule ule wa kulea. Watu weusi mara nyingi huanza mapema zaidi na kupata ule mkali. Vumbi la mawe linahusika kwa baadhi ya watu: mwaka 1957 daktari aitwaye Erasmus aliripoti ugonjwa huu kwa wachimba dhahabu wa Afrika Kusini. Wifi yangu hajawahi kushika sururu, kwa hiyo kwake hilo halielezi kitu. Hauambukizi, si kwa kula sahani moja wala kwa kulala kitanda kimoja. Na usiogope bure: kati ya watu 100, watatu hadi watano hivi vidole vyao hubadilika rangi kwa baridi, na wengi wao hawatapata skleroderma kamwe. Ila vidole hivyo vikianza ukubwani, vikiambatana na uvimbe, vidonda au kiungulia kisichoisha, nenda ukapimwe. Kwa ngozi yetu nyeusi weupe hauonekani vizuri mgongoni mwa mkono. Tazama kucha na kiganja.

KIDONGE KILICHOKARIBIA KUMUUA

Daktari alimwambia ukweli: dawa ya kuuondoa ugonjwa wenyewe haipo, lakini karibu kila kiungo kinachoumia kina dawa yake. Kwa vidole alipewa nifedipini, ambayo kwa kawaida ni dawa ya shinikizo la damu lakini hutanua mishipa ile midogo. Kwa kiungulia akapewa omeprazoli. Kwa ngozi na mapafu akaanzishiwa dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ambayo inadai kupimwa damu mara kwa mara. Akaambiwa pia apime shinikizo la damu kila wiki bila kukosa. Kaka alinunua mashine ndogo ya kupimia akaiweka juu ya kabati, na mimi niliona ni kutupa fedha.

Mwanzoni mwa 2017 jirani mwema, narudia, mwema, alimwambia kuna vidonge vilivyomwinua mama yake aliyekuwa na viungo vibovu. Vilikuwa prednisoloni. Duka la dawa waliviuza bila cheti, na hakuna aliyeuliza swali. Alimeza vingi kila siku. Juma la kwanza alikuwa mtu mpya! Uvimbe ulipungua, alicheka, alikwenda sokoni mwenyewe.

Wiki chache baadaye akaamka na maumivu ya kichwa ambayo hakuwahi kuyapata, na macho yakaona ukungu. Kaka akachukua mashine. Ilisoma 190 juu na 118 chini, ilhali siku zote alikuwa na 110 kwa 70. Hawakungoja kesho. Walipofika hospitali ya rufaa daktari alikuwa akiandika na kuuliza kwa wakati mmoja, na aliposikia prednisoloni akaweka kalamu chini.

Akina mama, hapa naomba tukae kidogo. Skleroderma inaweza kuzishambulia figo ghafla, hasa katika miaka ya kwanza na kwa wale ambao ngozi yao inakaza upesi. Prednisoloni kwa kipimo kikubwa, kuanzia miligramu 15 hivi kwa siku, huongeza hatari hiyo. Zamani dharura hii ya figo ndiyo iliyoongoza kwa kuua wagonjwa wa skleroderma. Wengi walifariki kabla ya mwaka kwisha. Dawa za jamii ya kaptoprili zilipoanza kutumika, kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, hali ikabadilika kabisa. Dawa hiyo ni ya kawaida, hata hospitali nyingi za wilaya wanaifahamu. Lakini lazima ianze mapema. Wifi yangu alipewa siku ile ile. Figo zake ziliyumba kwa wiki tatu, kisha zikarudi bila kuhitaji mashine ya kusafisha damu.

Sisemi prednisoloni ni sumu. Madaktari huitumia, hata kwa skleroderma, kwa kipimo kidogo na kwa sababu maalumu. Na aliyekwisha kuizoea asiiache ghafla, kwani mwili unaweza kuzimia. Apunguziwe na daktari. Ninachosema ni kwamba tusipelekeane vidonge kama tunavyopelekeana mboga. Dawa nyingine za kuuliza kabla ya kumeza ni propranololi, ambayo huzidisha baridi ya vidole, na baadhi ya dawa za mafua zinazobana mishipa. Sigara ndiyo isiguswe kabisa.

MATUMAINI YA KWELI NA YA UONGO

Mtu mwenye ugonjwa usio na tiba kamili huandamwa na wauza tiba. Wifi aliletewa mizizi, asali ya namna saba, maji ya chupa yenye bei ya mbuzi. Wala si waganga tu. Hata hospitali, kwa miaka mingi wagonjwa walipewa penisilamini kwa wingi, hadi utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulipoonyesha kwamba kipimo kikubwa hakikusaidia kuliko kidogo sana. Mwaka 1998 jaribio dogo la wagonjwa 11 tu liliwapa watu matumaini makubwa juu ya kiuavijasumu kiitwacho minosaiklini. Lilipofuatwa na jingine lenye wagonjwa zaidi, lililotangazwa mwaka 2004, dawa ile haikusaidia. Nalitaja hili kwa sababu ushuhuda wa mtu mmoja aliyepona una nguvu sana kwetu, na huenda ni kweli alipata nafuu, lakini ngozi ya skleroderma mara nyingine hulainika yenyewe baada ya miaka michache, na chochote unachomeza mwaka huo kitapewa sifa.

Maendeleo ya kweli yapo. Mikofenoleti na siklofosfamidi zimeonekana kuyasaidia mapafu. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha nintedanibu kwa mapafu yanayokakamaa kwa ugonjwa huu, na mwaka 2021 ikafuata tosilizumabu. Bei za hizi mbili za mwisho kwa familia ya kawaida ni za kusikia tu. Lakini nifedipini, omeprazoli na kaptoprili si dawa za matajiri, na ndizo zilizombeba wifi yangu zaidi ya zote.

JIKONI, CHUMBANI, NA KITANDANI

Mambo mengi yaliyomsaidia hayakutoka duka la dawa. Amejifunza kuvaa joto mwili mzima, si mikono tu: kofia, sweta mbili, soksi za sufu. Kifua kikipoa, mwili huzinyima damu ncha za vidole hata ukivaa glavu. Vidole vikigeuka rangi huzungusha mikono kama mtu anayepunga upepo, au huitia katika maji ya uvuguvugu ambayo mtu mwingine ameyajaribu kwanza. Kuiweka juu ya moto, kama alivyofanya siku ile ya harusi, ni hatari, na moshi wa kuni hauyafai mapafu yake. Viazi vinatolewa na maji vuguvugu. Nguo zinafuliwa na watoto wa kiume, na hawajafa.

Ngozi anaipaka mafuta mara tu anapotoka kuoga, ikiwa bado na unyevunyevu. Sabuni kali ameacha. Kila jioni hunyoosha vidole kimoja kimoja juu ya meza, kwa dakika kumi, na hufungua kinywa kwa upana kadiri awezavyo huku akivuta pembe zake kwa vidole gumba, maana midomo nayo hubana hadi kijiko kikakosa njia na mswaki ukashindwa kufika kwenye magego. Hula kidogo mara tano badala ya kushiba mara mbili, ugali kwa mchuzi mwingi, na hali kitu kwa saa tatu kabla ya kulala. Miguu ya kichwani mwa kitanda kaka ameiinua kwa tofali. Mito peke yake haitoshi. Hukunja tumbo tu na asidi hupanda vile vile.

Sasa la chumbani. Nilisita kuliandika, naye akasema, "Wifi, hilo ndilo waandike kwa herufi kubwa." Ugonjwa huu huweza kuleta ukavu wa macho, kinywa na hata sehemu za siri, na tendo la ndoa likawa maumivu. Kwa mwaka mzima alijikunja ukutani, na kaka akadhani amechukiwa. Hakuna aliyesema. Hatimaye muuguzi mmoja wa makamo alimuuliza moja kwa moja, akamweleza kwamba kuna kilainishi chenye asili ya maji kinachouzwa duka la dawa, kwamba joto la chumba na wakati wa siku ni jambo la maana, na kwamba mume aambiwe. Kaka alipoambiwa, alilia. Miaka kumi na miwili ya ndoa, na lile lilikuwa jambo gumu kuliko yote kulisema.

Kuhusu uzazi, wapo wanawake wengi wenye skleroderma waliojifungua salama. Lakini mimba ipangwe na daktari, si ije kwa bahati. Methotreksati na mikofenoleti humdhuru mtoto tumboni, kadhalika kaptoprili, na baadhi lazima ziachwe miezi kadhaa kabla. Pia mwanamke ambaye moyo au mapafu yameingiliwa sana anaweza kushauriwa asibebe. Wifi na kaka wana watoto watatu na wamekubaliana inatosha. Mama yetu hakupendezwa, akasema ukoo ni mdogo. Kaka akamjibu kwa heshima, lakini akamjibu.

TAREHE 29 JUNI

Siku ya kuukumbuka ugonjwa huu duniani ni 29 Juni. Ilichaguliwa kwa sababu siku hiyo, mwaka 1940, alifariki mchoraji Paul Klee huko Uswisi. Aliugua kuanzia 1935, na madaktari waliochunguza habari zake baadaye wanaamini ilikuwa skleroderma. Kumeza chakula kulimshinda. Hata hivyo, mwaka 1939 peke yake alitengeneza kazi zaidi ya 1,200. Nilipomsomea wifi hilo alitazama vidole vyake akasema, "Mimi nikimaliza kusonga ugali siku hiyo nimeshinda."

Tarehe hiyo kwa Njombe ni katikati ya baridi. Ngozi yake ya mikononi imelainika kiasi tangu 2019, ile ya vidole haijabadilika. Pumzi humwishia akipanda kilima cha kanisani, kwa hiyo huanza safari mapema na kupumzika kwenye jiwe la njia panda. Kila baada ya miezi sita huenda kupima mapafu na moyo, na safari hizo zimeshauza ng'ombe wawili. Mashine ya shinikizo bado iko juu ya kabati. Mwaka jana nilifika kwa mama nikamkuta, mwenye miaka sabini na minane, amebandika sufuria jikoni kabla ya mtu yeyote kuamka. Nikamuuliza ni chai ya nani mapema hivyo.

"Si chai," akasema. "Ni maji ya mkwe wangu. Njoo umenye viazi."

Binti yake, sasa mwanafunzi wa chuo, alikuwa ameketi nyuma ya mama yake juu ya kigoda, akimsuka.